Nani Anamwagilia? Mjadala wa Mazingira ya Chuo Kikuu

Hoja iliyo mezani ni hii: chuo kikuu kinachofundisha uhifadhi wa mazingira kinapaswa kuuonyesha kwanza katika ardhi yake, maji yake, majiko yake na mapipa yake ya taka, na pale kinaposhindwa, kinachokosekana ni utunzaji wa kila siku wenye fungu lake la fedha na mtu wa kuuwajibikia. Ujuzi upo. Sherehe zipo nyingi.

Mahali pa kuegemea ni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964. Wakati huo kilima hicho, kilomita kama 13 kutoka katikati ya jiji, kilikuwa nje ya mji. Leo mji umekizunguka pande zote: Ubungo, Mwenge, Survey, Changanyikeni, Makongo. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam 5,383,728. Katikati ya umati huo, vichaka na miti mikubwa ya Mlimani, pamoja na tumbili wake, ni miongoni mwa vipande vichache vya kijani vilivyobaki, na kila uamuzi unaofanywa pale una uzito mkubwa kuliko ilivyokuwa miaka sitini iliyopita.

Sauti zinazofuata nimezipanga mwenyewe. Hazimwakilishi mtu fulani wala hazisimulii yaliyotokea katika chuo kimoja; malalamiko yaliyomo unaweza kuyakuta katika kampasi yoyote ya Afrika Mashariki. Nami sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Ninao, na nitausema.

MWANAFUNZI WA MWAKA WA TATU: Nianze na tarehe 5 Juni. Kila mwaka siku hiyo tunagawiwa fulana na miche, mgeni rasmi anapanda mti wa kwanza, sisi tunapanda iliyobaki, picha zinapigwa. Mwaka unaofuata tunarudi kupanda palepale, kwa sababu ile ya mwaka jana haipo. Dokta, wewe umesomea mimea. Tatizo ni miche au ni sisi?

MWALIMU WA BOTANIA: Kabla hatujafika kwenu, mwanangu, tatizo ni kalenda. Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei. Ikifika Juni kipupwe kimeanza, kusi inavuma, na mvua ya maana hairudi mpaka vuli, Oktoba au Novemba. Mche uliotoka kitaluni una mizizi isiyozidi urefu wa kiriba chake. Ukiupanda Juni, unautaka uishi miezi minne au mitano kwa unyevu wa udongo wa juu, nao hukauka baada ya wiki chache. Uhai wake wote unategemea ndoo ya mtu. Ungepandwa mwishoni mwa Machi, ungepata wiki nane za mvua za kushusha mizizi kabla ya jua kuanza kazi yake.

MHANDISI WA MILIKI: Tusiionee siku yenyewe. Umoja wa Mataifa uliiweka kwa kumbukumbu ya mkutano wa Stockholm wa 1972, na hakuna aliyetazama mvua za pwani yetu. Lakini ndiyo siku ambayo wafadhili wanakuja, waandishi wanakuja, nami napata miche ya bure. Nikisema tuhamie 1 Aprili, siku yetu wenyewe ya kupanda miti, inayoangukia katikati ya masika, hakuna anayenipa hata boksi la maji ya wageni. Mnataka nikatae msaada?

MZEE WA BUSTANI: Mnazungumza juu ya kupanda, Injinia. Niulizeni mimi habari za kubaki. Wageni wakishaondoka, miche ni yangu. Bomba liko mbali, mpira haufiki, na siku za mgao hata hilo bomba halina kitu. Nabeba ndoo. Siwezi kuibebea maji miche mia mbili, basi nachagua. Mkwaju nauokoa, mwembe nauokoa, mingine namwachia Mungu. Na niwaambie jambo moja: kampuni iliyoniajiri inalipwa kwa eneo lililofyekwa na kufagiwa. Hakuna mahali kwenye mkataba wake palipoandikwa mti. Mwenzangu akipita na mashine ya kufyekea akaukata mche, hajavunja mkataba wowote.

Ningependa msomaji ayashike maneno ya mzee huyu mpaka mwisho. Katika kampasi nyingi mkataba wa usafi wa mazingira hulipia nyasi fupi, na nyasi fupi ndizo zinazopatikana. Mti haulipiwi na mtu, kwa hiyo unaishi au kufa kwa huruma ya mtunza bustani mmoja. Wangari Maathai aliliona jambo hili mapema. Alipoanzisha harakati yake ya kupanda miti, Green Belt Movement, mwaka 1977, akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Nairobi, kina mama walipewa kifuta jasho kidogo kwa kila mche uliopona. Kuchimba shimo na kuufukia mche hakukuwa na malipo. Fedha zenyewe zilikuwa senti, lakini ziliufanya mche uwe na mlinzi mwenye sababu ya kurudi kuutazama mwezi wa pili na wa tatu. Vyuo vyetu vinalifundisha jina lake. Hesabu yake ya malipo havijaichukua.

MCHUMI: Nakubaliana na mzee, ila niseme kwa nini mambo yako hivyo, maana si uzembe mtupu. Ukiacha mishahara, fedha za vyuo vya umma zina mafungu mawili. Lipo fungu la maendeleo, ambalo linajenga majengo, linanunua mitambo, na linaweza kupata mfadhili wa nje. Lipo la matumizi mengineyo, ambalo linalipa umeme, dizeli, karatasi, bomba lililopasuka. Hilo la pili ndilo linalopunguzwa kwanza kila mambo yanapokaza. Kumwagilia mti ni matumizi mengineyo. Kusoma mita ni matumizi mengineyo. Hakuna kibao cha jiwe la msingi kinachowekwa kwenye ndoo ya maji.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo Profesa, unasema haiwezekani?

MCHUMI: Nasema uombe kitu kinachowezekana. Usiombe miti elfu kumi. Omba kasma yenye jina, hata iwe ndogo, ambayo haiwezi kuhamishwa kwenda kununua viti vya ofisi.

MHANDISI: Tukija kwenye maji ndipo mtaniona nina neno. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Dar es Salaam hupata kama milimita elfu moja kwa mwaka, wakati mwingine zaidi. Jengo lenye paa la mita za mraba 1,000 linapokea lita milioni moja. Ondoa zinazorukia nje na zinazooshea vumbi, zinabaki kama 800,000. Halafu tunazimwaga kwenye mtaro, tunailipa DAWASA, mamlaka ya maji, ituletee maji ya Mto Ruvu, ambayo yametoka milima ya Uluguru, tunayapandisha kwa pampu mpaka kilimani, tunayatumia kumwagia choo!

MCHUMI: Hesabu yako ni nzuri mpaka unapofika kwenye tangi. Mvua haiji kidogo kidogo mwaka mzima. Siku moja ya masika ikileta milimita 50, paa lako linakupa lita 40,000 kwa mchana mmoja. Tangi lako ni la lita 10,000. Robo tatu imekwenda. Na ikifika Agosti, hosteli ya watu 200 wanaotumia lita 50 kila mmoja inamaliza tangi hilo kwa siku moja. Kuyahifadhi maji ya Mei mpaka Septemba kunahitaji bwawa la chini ya ardhi, na bwawa la chini ya ardhi lina bei.

MHANDISI: Sikusema litatuvusha kiangazi. Nasema lita 800,000 ni siku 80 za hosteli hiyohiyo, ukizitumia wakati mvua inanyesha: vyooni, kufulia, kudekia. Katika miezi ya masika na vuli ungeliacha bomba la DAWASA kwa kunywa na kupikia tu. Lipo na jambo la pili, ambalo watu wa kilimani hatulioni kwa kuwa sisi tuko juu. Yale maji yanayotutoka kwa kasi kwenye mapaa na maegesho ya lami hayapotei. Yanashuka. Yanachimba makorongo kwenye udongo wa kichanga, yanapita kwenye uwanja wa jirani, yanabeba taka hadi kwenye mabonde, na mwenye nyumba ya bondeni ndiye anayelipia paa letu.

Hapa nasimama na mhandisi. Sehemu kubwa ya mjadala wa maji chuoni huishia kwenye bili, na bili ni muhimu, lakini kilima hakina haki ya kumtwisha mtu wa bondeni mzigo wake. Mlimani kuna mteremko wa kuelekea Mto Mlalakuwa, na kuna mteremko wa upande wa Ubungo, ambako mabonde huishia Mto Msimbazi. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa mafuriko ya Jangwani, katika bonde la Msimbazi, mvua kubwa ikinyesha. Sehemu kubwa ya mafuriko yale ina sababu zake nyingine. Hata hivyo kila tangi, kila kitalu kilichochimbwa chini kidogo ya usawa wa njia na kila mita ya ardhi isiyopigwa lami huyachelewesha maji, na maji yaliyochelewa hayana nguvu ya kubomoa.

MZEE WA BUSTANI: Kabla ya matangi, Injinia, yazibe mabomba yanayovuja. Hilo halihitaji mvua.

MHANDISI: Mzee amenipiga pabaya, na amesema kweli. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza lita zaidi ya 20 kwa siku. Kwenye jengo la zamani unaweza kukuta mabomba kumi ya namna hiyo, na tangi la choo linalotiririka usiku kucha linayashinda yote hayo. Lakini nitajuaje? Mita iko moja, langoni. Inaniambia chuo kizima kimetumia kiasi gani. Haiwezi kuniambia jengo gani linavuja. Ningekuwa na mita katika kila jengo, ningesoma saa nane usiku: jengo la madarasa likitumia maji saa nane usiku, linavuja.

MWANAFUNZI: Na mita za majengo tungezisoma sisi. Tupo maelfu, tunatafuta mada za miradi ya mwaka wa mwisho, tunaishia kunakili ripoti za watu wa nje kuhusu mito ya nchi nyingine. Nipe jengo moja nisome mita zake kwa mwaka mzima, nami nitakuandikia kazi ambayo haijawahi kuandikwa.

Naona msomaji anaweza kudhani hayo ni mambo madogo. Nadhani ndiyo moyo wa chuo. Na Mlimani ina ushahidi kwamba chuo chetu kinaweza kujifanya maabara yake chenyewe, kikafanya kazi inayoheshimika duniani. Mwachie nafasi mwalimu wa botania aueleze.

MWALIMU WA BOTANIA: Ni mabwawa ya majitaka. Ukiyapita unaziba pua, huyatazami mara mbili. Lakini watafiti wa chuo hiki walikaa kando ya mabwawa hayo miaka mingi wakipima kilichoingia na kilichotoka. Katika bwawa, uchafu mzito unatua chini. Mwani unaota juu kwa mwanga wa jua, unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia hiyo oksijeni kula uchafu ulioyeyuka, na jua lenyewe linaua vimelea vya magonjwa kadiri maji yanavyokaa siku nyingi. Baada ya hapo waliyapitisha maji kwenye vitalu vya kokoto vilivyopandwa matete. Mizizi ya matete inawapa bakteria mahali pa kushika, na mmea wenyewe unafyonza sehemu ya naitrojeni na fosforasi. Hakuna pampu inayolazimika kuzunguka usiku na mchana. Hakuna kemikali. Watafiti hao, kina Kayombo, Mbwette na Katima, wakaandika mwongozo wa usanifu uliochapishwa na UNEP, na teknolojia ikaenda mpaka kwenye taasisi za mikoani. Kwa nchi ambayo umeme una bei na dawa za maji zinatoka nje, huo ni ujuzi wa dhahabu, na umezaliwa hapa.

MCHUMI: Na unakula ardhi, Dokta. Hilo ndilo swali ambalo watu wa mazingira hawapendi kuulizwa. Mabwawa na vitalu vya matete vinahitaji nafasi kubwa kuliko mtambo wa zege. Vichaka vyenu vinahitaji nafasi. Mnajua mita ya mraba kando ya Barabara ya Sam Nujoma ina thamani gani? Mlimani City, kituo kile cha maduka, ilijengwa kwenye ardhi ya chuo kwa mkataba wa upangishaji, ikafunguliwa mwaka 2006, na mantiki yake ilikuwa kwamba ardhi ya chuo isaidie kukilipia chuo. Unaweza kubishana na masharti ya mkataba ule. Huwezi kubishana na ukweli kwamba chuo kisicho na mapato yake kinakuja kuomba kila kitu Hazina.

KIONGOZI WA WANAFUNZI: Naomba niseme kwa niaba ya wasiokuwa na kitanda. Zilipofunguliwa hosteli mpya za Mlimani mwaka 2017, za wanafunzi 3,840, kuna watu walilia kwa furaha, na mimi siwalaumu. Binti anayepanga chumba mtaani anarudi saa tatu usiku kutoka maktaba, anapita njia isiyo na taa. Mama yake kule Sumbawanga au Newala halali. Ukiniambia kichaka kibaki na hosteli isijengwe, nitakuuliza ulilala wapi wewe ulipokuwa mwanafunzi. Wengi wenu mlilala hapahapa kampasi, na serikali ikawalipia.

MWALIMU WA BOTANIA: Nililala hapa, ndiyo, na ninalijua deni hilo. Lakini sikiliza, kaka. Mwitu wa pwani ya Afrika Mashariki si pori lolote. Kuna mimea katika misitu hii midogo midogo, Pugu, Kazimzumbwi na mabaki mengine, ambayo haioti mahali pengine popote duniani. Ukishaondoa kichaka cha asili, huwezi kukirudisha kwa kupanda mikrismasi na miarobaini. Mkrismasi asili yake Madagaska, mwarobaini ulitoka Asia ya Kusini; ni miti mizuri ya kivuli, nami siichukii, ila haimjui ndege wa hapa wala mdudu wa hapa kama mkongo au mpingo unavyowajua. Ninachoomba ni kimoja: kabla ya kugusa kichaka, jengeni kwanza juu ya ardhi iliyokwisha kuharibiwa. Tuna maegesho ya magari yaliyo makubwa kuliko viwanja vya mpira. Tuna majengo ya ghorofa moja yaliyochoka. Pandeni juu.

KIONGOZI WA WANAFUNZI: Kupanda juu ni ghali.

MHANDISI: Ni ghali siku ya kujenga. Bomba fupi, nyaya fupi, barabara fupi na msingi mmoja badala ya mitano huirudisha fedha hiyo katika miaka ya kuendesha. Ila tatizo ni lilelile la Profesa: anayejenga ana fungu lake, anayeendesha ana lingine, na hawakutani.

Kiongozi wa wanafunzi ana haki kwa jambo moja ambalo wapenzi wa mazingira tunalikimbia. Uhifadhi ambao gharama yake yote inalipwa na maskini hautadumu, wala haustahili kudumu. Hata hivyo sikubaliani na namna anavyoliweka swali, kitanda dhidi ya kichaka, kana kwamba hakuna mita nyingine ya mraba iliyobaki. Mwaka 1999 wanafunzi wa Nairobi waliingia barabarani kutetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi wa nyumba. Walielewa kwamba ardhi ya umma ikishagawanywa kwa hoja ya dharura, dharura haziishi. Kilio cha hosteli kijibiwe, na kijibiwe kwa ramani iliyowekwa hadharani inayoonyesha eneo gani halitaguswa kamwe.

Hilo la kukata mti mkubwa na kuahidi kupanda kumi badala yake nalipinga waziwazi. Mkwaju wa miaka hamsini una kivuli leo. Miche kumi ya Juni tumekwisha kuambiwa mwisho wake.

MAMA LISHE: Mbona mnaongea miti na maji tu, hakuna aliyekula leo? Mimi napika. Wali, maharage, ugali, mchicha, samaki siku ikiwa nzuri. Serikali imesema taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia kwa siku ziache kuni na mkaa. Sawa. Moshi nauvuta mimi, macho yanayowasha ni yangu, sina haja ya kushawishiwa. Lakini nisikilizeni. Maharage yanataka moto wa saa mbili, tatu. Mtungi wa kilo 38 ukiisha katikati ya wiki, ninunue mwingine kwa fedha gani, na sahani bei yake mmeipanga ninyi? Wanafunzi, boom la mkopo wao likiwa halijatoka, wanakula kwa daftari.

MCHUMI: Mama, ukiloweka maharage usiku mzima na ukatumia sufuria ya presha, moto unapungua sana. Gesi inaweza isikuzidi mkaa.

MAMA LISHE: Baba, kuloweka nimejifunza kwa mama yangu kabla hujazaliwa. Sufuria ya presha ya watu mia mbili umeiona dukani inauzwaje? Na mkataba wangu wa mgahawa ni wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha zabuni inatangazwa upya, anaweza kuingia mwingine. Ninunue jiko la gesi, nifunge mabomba ukutani, halafu nimwachie mwenzangu? Nipeni miaka mitano muone kama kutakuwa na gunia la mkaa jikoni kwangu.

Mama lishe ametoa hoja nzito kuliko mikakati mingi. Serikali ya Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni jema na la lazima. Kwa takwimu za serikali yenyewe nchi hupoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka, na mkaa wa mijini una sehemu yake katika hilo. Lakini mkakati huo ukifika mlangoni pa mgahawa wa chuo, unagonga mkataba wa miezi 12. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayewekeza kwenye ukuta asio na uhakika nao mwakani. Kuubadilisha mkataba huo hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji kikao kimoja cha bodi ya zabuni.

MWANAFUNZI: Taka je? Na tumbili wanaoingia vyumbani?

MZEE WA BUSTANI: Tumbili hana kosa. Amefundishwa na pipa lisilo na mfuniko.

MWALIMU WA BOTANIA: Na kunguru vivyo hivyo. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Taka zikawanenepesha, wakavuka bahari, leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu kutoka pwani hadi bara. Mlitaka mfano wa kutatua tatizo la taka bila kupunguza taka, mfano ndio huo unaolia juu ya paa.

Kuhusu taka sina mengi ya kuongeza. Mifuko ya plastiki Tanzania ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na mabadiliko yalionekana mitaani ndani ya miezi michache, jambo linaloonyesha kwamba watu wetu hufuata kanuni iliyo wazi na inayosimamiwa. Chupa za maji zimebaki. Chuo kikiweka mahali pa kujazia maji salama katika kila jengo, chupa zitapungua bila hotuba.

MCHUMI: Niseme na hili, ili nisionekane mpinzani wa kila kitu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Strathmore kule Nairobi waliweka mwaka 2014 paneli za jua za kilowati 600 juu ya mapaa yao, na umeme unaozidi unaingia kwenye gridi. Kwa chuo hesabu hiyo inakaa vizuri kuliko kwa nyumba ya kuishi, kwa sababu chuo kinatumia umeme mwingi mchana, jua likiwapo: madarasa, maabara, kompyuta, viyoyozi. Huo ndio uwekezaji wa mazingira ninaoweza kuupitisha bila kukunja uso.

MHANDISI: Na paneli zinahitaji kufutwa vumbi, Profesa. Nani atapanda juu ya paa, na atalipwa kutoka fungu gani?

Swali la mhandisi ndilo swali la mzee wa bustani. Kila sauti imelifikia kwa njia yake: mche, mita, matete yanayohitaji kukatwa na mabwawa yanayohitaji kuzolewa tope, jiko la gesi, paneli. Kila kimoja kati ya hivyo, vyuo vyetu vinajua kukisanifu, vingine vimevibuni vyenyewe, na kila kimoja hufa mahali palepale, siku ya pili baada ya uzinduzi.

Kwa hiyo hukumu yangu naitoa kwa upande wa hoja, na naielekeza kwa mabaraza ya vyuo yanayopitisha bajeti. Muiwekee kila kampasi kasma ya utunzaji wa mazingira isiyohamishika. Mkataba wa usafi ulipe kwa mti ulio hai baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, na mzee anayebeba ndoo alipwe kwa hiyo. Tarehe 5 Juni iwe siku ya kukagua na kutangaza hadharani ni miti mingapi kati ya ile ya masika imepona, na kupanda kufanyike Machi, ardhi ikiwa imelowa. Wapishi wapewe mikataba ya miaka ya kutosha. Vichaka vichorwe kwenye ramani na ramani itiwe saini. Na kila jengo liwe na mita ya maji na ya umeme, namba zake zibandikwe mlangoni kila mwezi ambapo mwanafunzi, mwalimu na mgeni wanaweza kuzisoma.

Nawe msomaji uliye chuoni sasa, usisubiri baraza. Nenda ofisi ya miliki wiki hii, msalimie kwa heshima utakayemkuta, kisha umwulize mita ya maji ya jengo lenu iko wapi na ilisomwa lini mara ya mwisho. Kama haipo, omba iwekwe, kwa maandishi, na ubaki na nakala.